Tupa Uchawi, Shika Nini? Historia ya Ufipa na Swali la Kiini cha Ibada

Utangulizi

Wazee wa Ufipa hueleza kwamba jina la mji wa Sumbawanga limetokana na maneno mawili ya Kifipa: sumba, maana yake tupa, na wanga, maana yake uchawi. Kwa hiyo kila alitajaye jina la mji huu, ajue asijue, hutamka amri. Ni jina jema kwa mji ambao Kanisa linahubiri ndani yake. Hata hivyo mtumishi wa Injili hana budi kuuliza swali la pili: mtu akishatupa, ashike nini? Bwana wetu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa vizuri, lakini ikaachwa bila mwenyeji. Na yule pepo aliyeondoka akarudi pamoja na wenzake saba (Luka 11:24-26).

Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya Ukristo katika Ufipa na nchi zinazopakana nayo kwa kutumia swali hilo. Hoja yetu ni kwamba jambo la pembeni huweza kuitawala ibada kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuheshimiwa kupita kiasi. Njia ya pili, ambayo sisi wachungaji hatuitambui upesi, ni kupigwa vita kupita kiasi. Katika njia zote mbili macho ya waumini huondolewa kwa Kristo na kukazwa juu ya kitu.

Nchi na watu wake

Ufipa ni nchi ya nyanda za juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Kabla ya utawala wa Kijerumani palikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa. Juu ya falme hizo palikuwa na heshima ya pekee kwa Milansi, kijiji cha kale ambacho mkuu wake alihesabiwa kuwa mwenye asili ya nchi na mwenye madaraka ya kidini. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na kazi hiyo iliendeshwa pamoja na dawa na miiko yake. Hata katika kilimo walijulikana kwa matuta yao ya mviringo, ambamo majani hufukiwa yaoze na kuirutubisha ardhi.

Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba Injili ilifika mahali patupu. Ilifika kwa watu waliozoea kwamba kila kazi kubwa, iwe ya kufua chuma, kuzaa, kusafiri au kutawala, ina kitu chake cha kushikwa mkononi: pembe, mzizi, hirizi, au dawa iliyofungwa katika kitambaa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walijua kwamba maisha ya mwanadamu yamezungukwa na hatari, nao walitaka ulinzi unaoonekana.

Injili yafika Ufipa

Mwaka 1885 Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho Wabelgiji walikuwa wamekijenga mwaka 1879. Kutoka ziwani kazi yao ilipanda hadi nyanda za juu. Miongoni mwa watumishi wa Karema alikuwamo Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa upande wa mto Niger, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na tabibu mahali hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Askofu Lechaptois aliliongoza eneo hilo kuanzia mwaka 1891 hadi 1917. Sisi Walutheri tulichelewa kufika. Leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lina Dayosisi ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Sumbawanga, lakini yafaa tukiri kwamba tunavuna katika shamba ambalo wengine walilivunja kwa jembe.

Lavigerie aliagiza kwamba anayetaka kubatizwa afundishwe kwa muda wa miaka minne. Agizo hilo lilikuwa la hekima, kwa maana alitambua kwamba moyo hauhami kwa siku moja. Kadhalika wanafunzi na Wakristo walipewa alama za nje, kama vile medali na rozari. Hatuzitaji alama hizo kwa nia ya kuwashutumu ndugu zetu Wakatoliki. Tunazitaja kwa sababu swali lililokuwa mbele yao ndilo lililo mbele yetu. Mtu aliyevaa hirizi shingoni tangu utoto anapopewa kitu kingine cha kuvaa shingoni, ni nini kitakachomzuia asikielewe kwa maana ile ile ya zamani? Kitakachomzuia ni mafundisho, tena mafundisho ya muda mrefu. Mahali mafundisho yalipopungua, alama ilijaza nafasi yake. Na mchungaji wa Kilutheri asijidanganye kwamba yeye yu salama. Cheti cha ubatizo, Biblia iwekwayo chini ya mto wa mtoto mgonjwa, hata msalaba juu ya kanzu yake mwenyewe, vyote vyaweza kupatwa na jambo hilo hilo.

Ubatizo uliogeuzwa kipimo

Mfano wa kutisha kuliko yote unatoka kusini ya mpaka. Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland, alikwenda Rhodesia ya Kaskazini kutafuta kazi, akapokea mafundisho ya Watch Tower, ambayo watu wetu waliyaita Kitawala. Mwaka 1925 alikuwa akihubiri katika nchi ya Walala, akajulikana kwa jina la Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Alibatiza kwa kuzamisha. Lakini ubatizo wake ulikuwa pia kipimo: yule ambaye maji hayakumfunika vizuri alitangazwa kuwa mchawi, na waliotangazwa hivyo waliuawa. Watu karibu 200 walipoteza maisha yao katika Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Nyirenda alihukumiwa, akanyongwa mwaka 1926.

Tusilipite jambo hili upesi kwa kusema tu kwamba alikuwa mwongo. Tuangalie kilichotokea kwa ubatizo wenyewe. Jina la Mungu lilitajwa, maji yalikuwapo, na watu walikuja kwa wingi. Kilichokosekana ni ahadi. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther anafundisha kwamba maji peke yake hayafanyi neno lolote; ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolitegemea Neno hilo. Nyirenda aliyabakiza maji, akaliondoa Neno la neema, na mahali pake akaweka shaka ya jirani kwa jirani. Mahali pa kuzaliwa upya pakawa mahali pa hukumu. Ndipo tunapoona kwamba kupoteza kiini cha ibada si kosa dogo la utaratibu tu. Watu walikufa kwa sababu hiyo.

Mchape na Kamchape

Miaka michache baadaye, mnamo 1933 na 1934, walitokea vijana walioitwa Bamuchapi, nao pia asili yao ilikuwa Nyasaland. Jina lao linatokana na neno la Kinyanja lenye maana ya kuosha au kufua. Mtaalamu Audrey Richards aliwaona katika nchi ya Wabemba, akaandika habari zao mwaka 1935. Walivaa nguo za Kizungu, waliwapanga watu katika mistari, wakawatazama kwa kioo ili kuwatambua wachawi, wakawanywesha dawa. Watu walitupa pembe na dawa zao katika chungu. Richards alizichunguza akaona kwamba nyingi sana zilikuwa dawa za kawaida zisizo na madhara. Watu walikuwa wametupa hata dawa za kikohozi, ili mradi wasionekane kuwa na kitu.

Harakati za namna hiyo ziliingia Ufipa zaidi ya mara moja. Mwaka 1963 na 1964, nchi yetu ikiwa imekwisha kupata uhuru, zilirudi kwa jina la Kamchape. Mtaalamu Roy Willis, aliyekuwa akiishi Ufipa wakati huo, alichapisha maelezo yake mwaka 1968. Vijana waliitwa na wanakijiji wenyewe. Walitoza malipo, walikusanya pembe, waliwachanja watu na kuwapaka dawa katika chale. Aliyeoshwa aliahidiwa kwamba uchawi hautamdhuru tena, na akionywa kwamba akiurudia uchawi dawa hiyo itamwua. Kwa muda kijiji kilijisikia kimekuwa kipya.

Kufikia wakati huo Wafipa walio wengi walikuwa wamekwisha kubatizwa. Kwa hiyo waliochanjwa hawakuwa watu wa mbali wasiolijua jina la Kristo. Walikuwa watu wa Jumapili, waliokwisha kuoshwa mara moja, wakatafuta kuoshwa mara ya pili. Hili ndilo fumbo ambalo mwanatheolojia anapaswa kulikabili. Kwa nini ubatizo haukuwatosha? Jibu la haraka ni kwamba imani yao ilikuwa haba. Lakini yafaa tujiulize pia ni nini walichohubiriwa juu ya hofu zao. Ikiwa mhubiri husema tu kwamba uchawi haupo, mwenye hofu hubaki na hofu yake, isipokuwa sasa haimwambii mhubiri. Na ikiwa mhubiri huzungumza juu ya wachawi kila Jumapili, mwenye hofu hutoka kanisani akiwajua wachawi vizuri kuliko anavyomjua Mwokozi.

Jambo la pili ni kwamba Kamchape haikumaliza kazi. Kama ingeimaliza, isingehitaji kurudi. Hata katika miaka ya karibuni majina ya kamchape na lambalamba yamesikika magharibi mwa Tanzania, pamoja na ugomvi na madhara yake. Pembe hutupwa, hofu inabaki, na hofu hutafuta pembe nyingine. Nyumba ilifagiwa, lakini haikupata mwenyeji.

Hapa tulinganishe na habari za Efeso katika Matendo 19. Huko nako palikuwa na chungu ya vitu vya uchawi, navyo vilichomwa moto mbele ya watu wote, thamani yake ikiwa vipande 50,000 vya fedha. Kwa macho tu, Efeso na Ufipa zinafanana. Lakini katika Efeso walioleta vitabu vyao walikuwa wamekwisha kuamini, nao waliungama matendo yao wenyewe. Hakuna aliyetazamwa kwa kioo. Hakuna aliyetajwa na jirani yake. Hakuna aliyelipa. Imani ilitangulia, na kutupa kukafuata. Katika sura hiyo hiyo wana wa Skewa walijaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa, bila kumjua Yesu mwenyewe, wakaaibika. Luka ameyaweka mambo haya mawili pamoja ili tujue kwamba hata jina takatifu lililo kuu kuliko yote laweza kushikwa kama pembe.

Wittenberg, 1522

Baba zetu katika imani walikutana na swali hili mapema. Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, mwenzake Karlstadt aliharakisha mabadiliko huko Wittenberg. Siku ya Krismasi ya mwaka 1521 aliongoza Meza ya Bwana bila mavazi ya kikuhani, na mwanzoni mwa mwaka 1522 sanamu zilianza kuondolewa makanisani kwa ghasia. Luther alirudi mwezi Machi, na kuanzia tarehe 9 alihubiri mahubiri manane kwa siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu. Alikubali kwamba ingekuwa afadhali zisingekuwapo. Alichokataa ni kuwalazimisha watu dhaifu kabla Neno halijaifikia mioyo yao. Alifundisha kwamba kitu kikipoteza nafasi yake moyoni, mikononi kitaanguka chenyewe. Lakini kikinyang'anywa mikononi kingali moyoni, hakuna kilichobadilika ila ukuta wa kanisa.

Msingi huo ukaandikwa katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 7: kwa umoja wa Kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na katika kuzitoa Sakramenti, si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kifungu cha 8 kinaongeza kwamba Sakramenti hazipotezi nguvu kwa sababu ya ubaya wa mtumishi anayezitoa, maana nguvu yake ni agizo la Kristo. Baadaye, Kaisari alipowalazimisha Waprotestanti mwaka 1548 kuzirudia desturi kadhaa, palizuka ugomvi mkali kati ya Melanchthon na Flacius. Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577, kifungu cha 10, iliamua kwamba mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa na Neno la Mungu ni ya uhuru. Lakini yanapolazimishwa kana kwamba imani inayategemea, wakati huo hayawi tena madogo, na Mkristo hana budi kusimama.

Ngoma kanisani

Katika nchi yetu tulipata nafasi ya kuujaribu uhuru huo. Mahali pengi wamisionari waliikataa ngoma, kwa kuwa waliijua katika matambiko na ulevi. Vizazi viwili vya Wakristo wetu vilijifunza kwamba kumsifu Mungu ni kuimba tenzi za Ulaya kwa kusimama wima. Katika miaka ya 1960, Chuo cha Theolojia Makumira kikiwa bado kichanga, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo kwa sauti za makabila yao. Nyingi zilikusanywa katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini Haleluya, na ule wa Roho Mtakatifu wa Wilson Niwagila, Njoo Kwetu Roho Mwema, leo huimbwa na Walutheri wa mabara mengine pia.

Walioipinga ngoma walikuwa na hofu ya kweli, nasi tusiwadharau. Lakini historia imeonyesha kwamba ngoma ilikuwa katika mambo ya uhuru. Haikuweka sharti mbele ya neema. Haikumwogopesha mtu wala kumtenga jirani yake. Ilipopewa kazi ya kulibeba Neno, ililibeba. Na hatari ya leo ni ile ile iliyogeuka upande: kwaya na vyombo vya umeme vyaweza kuchukua saa nzima, kisha mhubiri akaombwa afupishe.

Kikombe na mafuta

Mwaka 1911 au 1925 ni mbali, na msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya yamepita. Basi tukumbuke mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Walikuja maskini na wakubwa wa serikali, kutoka mikoa yote na nchi jirani. Wagonjwa wengine walifia njiani wakingoja zamu yao. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na si kazi yetu kumhukumu. Hakutafuta utajiri kwa bei ile. Lakini alifundisha kwamba dawa hiyo hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi wa theolojia na alinganishe maneno hayo na kifungu cha 8 cha Ungamo la Augsburg. Kikombe cha Bwana hakitegemei mkono wa mtu. Kwa nini basi Walutheri waliokinywa kikombe hicho cha Bwana tangu kipaimara waliuacha usharika wao wakaenda kukitafuta kingine?

Tarehe 1 Februari 2020, huko Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano, walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikuwa wamekuja kuomba. Tunalitaja jambo hilo kwa huzuni, kwa sababu baadhi ya watu wanaokwenda kwenye mikutano ya namna hiyo ni watu wetu.

Hitimisho

Hapo zamani nyoka wa shaba aliagizwa na Mungu ili watu wapone (Hesabu 21). Baadaye watu walimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja (2 Wafalme 18:4). Kitu kilekile kilikuwa ishara ya neema, kikawa sanamu, na hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Waliobadilika ni waliokitazama. Kwa hiyo hakuna orodha ya vitu vilivyo salama ambayo twaweza kuwapa wachungaji vijana. Twaweza kuwapa maswali matatu. Je, kitu hiki kinamwelekeza mtu kwa Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, au kinamsimamisha njiani? Je, kina bei, au kinamtegemea mtu fulani, wakati neema hutolewa bure kwa wote? Je, kinamwondolea mtu hofu juu ya jirani yake, au kinaiongeza?

Tuongeze na ungamo letu wenyewe. Mama mmoja mzee alitujia baada ya ibada akiwa na chupa ya maji. Alitaka tuyaombee, ayapeleke nyumbani kwa mjukuu wake mgonjwa. Tulimweleza kwa makini kwamba maji hayana nguvu yoyote. Tulimtajia Katekisimo. Tulimwonya juu ya manabii wa uongo. Alitusikiliza kwa adabu, akasema, "Asante, Baba Mchungaji," akaondoka na chupa yake. Jioni ndipo tulipotambua kwamba hatukumwuliza jina la mtoto, wala anaumwa nini. Tulikuwa tumezungumza juu ya chupa tu. Yeye aliyakazia macho maji kwa kuyatumaini, na sisi tuliyakazia macho kwa kuyapinga. Mtoto na Bwana wa mtoto hawakutajwa na yeyote kati yetu.

Kesho yake tulikwenda. Tulisoma Neno, tukaomba tumeweka mikono juu ya mtoto, tukamsihi mama ampeleke hospitali. Chupa ilikuwa dirishani. Hakuna aliyeizungumzia. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba amri iliyo katika jina la Sumbawanga haitimizwi kwa kupekua mikono ya watu. Hutimizwa pale mchungaji anapowapa kitu bora cha kushika, naye akawa wa kwanza kukishika.